"Bwana, chai yapoa!": Mkate wa kasuku uliobadilisha meza ya Babu

Kila alfajiri, Babu akirudi kutoka msikitini, kabla hajavua makubadhi mlangoni husikia sauti ya mkewe ikimwita: "Bwana, chai yapoa!"

Mkewe alifariki miaka mitano iliyopita. Anayeita ni Chiku, kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye tundu lake liko karibu na meza ya chakula katika nyumba moja mjini Mombasa. Chiku aliletwa nyumbani hapo akiwa kinda, na kwa miaka 17 alimsikia Bibi akiita hivyo kila asubuhi. Akalishika neno lote, pamoja na ule uchovu kidogo wa mwanamke aliyeamka kabla ya wenzake.

Babu alikuwa akiketi, akamiminiwa chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha, kisha akachukua hamri la moto. Alilikata katikati. Nusu yake. Nusu ya pili aliigawa tena, na kipande kikapenya kwenye nyaya za tundu. Chiku alikipokea kwa mguu mmoja, kama mtu mzima, akakichovya katika kikombe cha Babu na kula taratibu. Hamri la kwanza likiisha, lilifuata la pili.

Binti yake, anayeishi naye pamoja na mwanawe wa kike wa miaka kumi, alizoea kuwatazama. Aliona ni upendo, na kweli ulikuwa upendo. Hakuna aliyedhani kwamba kuna mtu anaumia pale mezani.

Habari mbaya mbili

Habari ya kwanza ilitoka kliniki. Sukari ya Babu ilikuwa imepanda, na daktari alimwambia wazi kwamba dawa peke yake hazitatosha. Apunguze mahamri, apunguze chai ya sukari, atembee kila siku. Babu alisikiliza kwa adabu, akashukuru, akarudi nyumbani. Asubuhi iliyofuata alikula mahamri mawili.

"Baba, daktari alisema nini?" binti yake aliuliza.

"Daktari yule mdogo, mwanangu. Mimi nimekula mahamri tangu kabla babake hajaoa."

Binti alibembeleza, akanuna, akaficha bakuli la sukari. Babu alituma mtoto wa jirani dukani akaletewa sukari yake. Mzee wa miaka 74 huwezi kumfungia kabati.

Habari ya pili ilikuja baada ya wiki chache. Mjukuu ndiye aliyegundua. Alikuwa amemtoa Chiku tunduni ili aruke kutoka kitini hadi juu ya kabati, mwendo mfupi tu. Chiku aliruka nusu ya njia, akatua sakafuni, akakaa pale mdomo wazi huku akihema na mkia ukipanda na kushuka.

"Mama, Chiku anahema kama Babu akipanda ngazi," mtoto alisema.

Walimpeleka kwa daktari wa wanyama, Babu mwenyewe akiwa amelipakata tundu ndani ya tuk-tuk. Alibeba pia kibali cha KWS cha kumfuga ndege huyo, maana kasuku wa kijivu si ndege wa kununua barabarani. Mwaka 2016, katika mkutano wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES uliofanyika Johannesburg, nchi hizo ziliamua kumwingiza kasuku huyu katika orodha ya viumbe wanaolindwa zaidi, kwa sababu ametegwa mno katika misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi.

Daktari alimweka Chiku kwenye mizani. Gramu 610. Kasuku wa kijivu wa umbo lake kwa kawaida huwa na gramu kati ya 400 na 500 hivi. Akampapasa kifuani kutafuta ule mfupa wa katikati ambao kwa ndege mwenye afya hupatikana kwa kidole bila taabu. Ulikuwa umezama ndani ya mafuta. Mdomo wake pia ulikuwa umerefuka kuliko kawaida, na hiyo, daktari alieleza, inaweza kuwa dalili kwamba ini lina shida.

"Mnamlisha nini?"

Watu wazima walitazamana. Mtoto ndiye aliyejibu, kwa kuwa watoto hawajui kuficha. "Mahamri. Na chai. Na viazi karai. Na alizeti na karanga, bakuli zima."

Babu alitazama sakafu.

Chakula kinachoonekana kizuri

Daktari hakumgombeza mtu. Alieleza kwamba makosa hayo hufanywa na wafugaji wengi wenye mapenzi. Mbegu za alizeti na karanga zina mafuta mengi, lakini zina kalsiamu kidogo na karibu hazina vitamini A. Kasuku akiachiwa achague, atachagua hizo tu, kama mtoto anayeachiwa achague kati ya mboga na peremende. Kasuku wa kijivu hasa huathirika akikosa kalsiamu, hata anaweza kupata degedege. Mafuta yakizidi hujaa kwenye ini, na ini likichoka ndege hufa ghafla, huku mwenyewe akishangaa kwamba jana tu alikuwa anaongea.

Kisha alimtajia mtoto mambo ya kuandika, naye akaandika kwenye daftari la shule kwa herufi kubwa. Parachichi ni sumu kwa kasuku, hata kipande kidogo. Chokoleti ni sumu. Chai na kahawa zina kafeini, asipewe hata tone. Vitunguu na kitunguu saumu hapana. Chumvi na sukari hapana. Mbegu za tufaha zitolewe. Karanga na mahindi yenye ukungu ni hatari kubwa, maana ukungu huo hutoa sumu inayoharibu ini.

Na jambo moja lililomchoma Babu zaidi: asimpe ndege kitu kilichotoka mdomoni mwa mtu. Mate ya binadamu yana vijidudu ambavyo mwili wa kasuku haukuvizoea.

"Na akiendelea kula anavyokula?" Babu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mzee wangu, kasuku huyu anaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Akiendelea hivi, sidhani kama atafika hata 25."

Chiku alikuwa na miaka 22. Njiani kurudi, Babu hakusema neno. Alipofika nyumbani aliingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Asubuhi tatu ngumu

Daktari alikuwa ameonya kwamba kasuku habadilishwi chakula kwa siku moja. Anaweza kukaa na njaa huku bakuli limejaa, kwa sababu hakitambui kilichomo kuwa ni chakula. Mbegu zipunguzwe kidogo kidogo, na apimwe kila asubuhi kabla ya kula, kwa mizani ileile ya jikoni inayopima gramu. Akipungua kwa kasi, arudishwe haraka.

Familia ilinunua chakula cha kasuku cha kiwandani, kile cha punje ndogo za kahawia. Chiku alizichukua moja moja na kuzitupa nje ya tundu. Akawekewa karoti iliyokatwa. Akaitupa pia. Kisha akamgeukia Babu na kusema, kwa sauti ya marehemu: "Bwana, chai yapoa!"

Siku ya kwanza Babu alivumilia. Siku ya pili mkono ulianza kwenda kwenye hamri, mjukuu akaushika. Siku ya tatu alibeba kikombe na sahani yake, akaenda kunywa chai nje barazani peke yake, asimwone ndege akimwomba. Ndani, Chiku aliita mara kumi na moja. Mtoto alizihesabu.

Binti alisimama mlangoni akiwatazama wote wawili. Siku hiyo ndipo alipoelewa kwamba shida haikuwa hamri. Wale wawili walizoea kula kitu kimoja, mahali pamoja, saa moja. Wakiondolewa hilo, kila mmoja alibaki mjane kwa namna yake.

Basi wangepika kitu ambacho wote wangeweza kula.

Trei iliyorudishwa dukani

Binti alikwenda mjini akanunua trei mpya ya kuokea, ile nyeusi yenye utando usioshika chakula. Alipoitoa kwenye mfuko, mwanawe aliangalia daftari lake, akaangalia trei, akasema, "Mama, hiyo hapana."

Kweli daktari alikuwa ametaja, na mama alisahau. Utando wa vyombo visivyoshika chakula, ukipata moto kupita kiasi, hutoa mvuke usioonekana wala kunuka sana. Mtu anaweza asiusikie. Ndege aliye katika chumba cha pili anaweza kufa kwa dakika chache. Mapafu ya ndege yanasaidiwa na mifuko ya hewa na hunyonya hewa kwa nguvu kuliko yetu, kwa hiyo hunyonya na sumu vilevile. Ndiyo sababu wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walikuwa wakishuka migodini na ndege wadogo aina ya kanari, na desturi hiyo ilidumu hadi mwaka 1986: ndege alianguka kwanza, na watu wakapata nafasi ya kukimbia.

Trei ilirudishwa. Walitumia sinia la zamani la chuma, lililokuwa la Bibi. Na siku ya kuoka, tundu la Chiku lilihamishiwa chumba cha mwisho, mlango ukafungwa, madirisha ya jikoni yakafunguliwa. Kwa anayetumia makaa, na wengi Pwani bado huoka kwa moto wa juu na chini, shughuli hiyo ifanyike nje kabisa, maana moshi nao ni adui wa ndege.

Mkate wenyewe

Walianza na kiazi kitamu kimoja kikubwa cha rangi ya chungwa, kilichochemshwa na kupondwa hadi kikapata kikombe kimoja. Rangi hiyo ndiyo yenye asili ya vitamini A ambayo mbegu hazina. Wakaongeza karoti moja iliyokunwa, majani machache ya sukuma wiki yaliyokatwa laini kabisa, na nusu ya ndizi iliyoiva ili kuleta utamu. Unga ulikuwa kikombe kimoja cha mtama, uliochekechwa na kunuswa vizuri kuhakikisha hauna uvundo. Hawakutia sukari, chumvi, mafuta, wala hamira.

Yai lilikuwa moja, pamoja na ganda lake. Kazi hiyo alipewa mtoto: kuosha yai, kulivunja, kusaga ganda kwenye kinu hadi likawa unga, na kulichanganya. Ganda ndilo kalsiamu, na moto wa oveni huua vijidudu vyake.

Mchanganyiko uwe mzito kiasi cha kushikika kwa mkono. Ukiwa majimaji, ongeza unga. Waliutandaza kwenye sinia kwa unene wa kidole kimoja, wakaoka kwa nyuzi 180 kwa dakika 25 hivi, mpaka kijiti kilichochomwa katikati kikatoka kikavu. Kisha wakauacha upoe kabisa, kwa sababu chakula cha moto huunguza koo la ndege.

Mkate wa kwanza ulikuwa na maji mengi, ukatoka kama uji ulioganda. Chiku alikanyaga kipande chake, akafuta mguu kwenye kijiti cha tundu. Babu alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Wa pili ulitoka mzuri. Mama aliukata pembetatu, umbo la mahamri. Kipande cha Chiku kilikuwa kidogo, kama ncha ya kidole gumba, maana hata kitafunwa chenye afya ni kitafunwa tu. Sehemu kubwa ya chakula chake iwe ile chakula ya punje na mboga mbichi, na vitafunwa visizidi sehemu moja katika kumi.

Chiku alikipokea. Akakitazama kwa jicho moja, akakigeuza, akakitazama kwa jicho la pili. Akakidondosha.

Babu anakula kwanza

Mtoto alikumbuka neno jingine la daktari. Porini kasuku huishi makundi kwa makundi, na hujifunza kilicho salama kwa kuwatazama wenzake wakila. Anayefugwa peke yake huwahesabu watu wa nyumbani kuwa ndilo kundi lake.

"Babu," alisema, "lazima ule wewe kwanza. Akuone."

"Nile hiki?"

"Ndiyo, Babu. Na ufanye kama kitamu."

Babu aliangalia ile pembetatu ya rangi ya chungwa yenye madoa ya kijani. Aliangalia sahani ya mahamri iliyofunikwa kwa kitambaa. Akamtazama Chiku, ambaye alikuwa amesogea mpaka kwenye nyaya na kuinamisha kichwa. Akasema bismillahi, akauma.

Alitafuna muda mrefu. "Hakina sukari," alisema.

"Babu!"

"Mmm," Babu alisema kwa sauti, akifumba macho kama mwigizaji. "Kitamu. Kitamu sana."

Chiku aliokota kipande chake kutoka chini ya tundu. Akauma pembe moja. Akatulia. Akauma tena.

Hakuna aliyesema kitu. Binti alijigeuza akawa anapanga vikombe ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Kuanzia siku hiyo mambo yakawa na sheria yake. Babu asipokula mkate wa kiazi, Chiku hali. Na Babu akila hamri mbele yake, Chiku hudai hamri. Kwa hiyo mezani hapo hamri liliacha kuwekwa. Chai ya Babu nayo ikaanza kupungua sukari, kijiko baada ya kijiko, kwa sababu alikuwa anaogopa kwamba siku moja Chiku atafikia kikombe. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe, na hakuna aliyembishia.

Pilipili ya Chiku

Baada ya wiki mbili mtoto alitaka kuongeza ladha. Daktari alikuwa amesema pilipili haina shida. Kile kiungo kinachowasha ulimi wa mtu, kapsaisini, hakimgusi ndege, kwa kuwa mwili wa ndege haukisikii kama moto. Ndiyo maana ndege hula pilipili porini na kuzisambaza mbegu zake. Sehemu moja ya unga uliokandwa ikatiwa pilipili kavu iliyopondwa, ikawekewa alama.

Chiku aliipenda kuliko yote. Babu, kwa kutaka kuonyesha kundi ni moja, alikula kipande kilekile. Alikohoa, macho yakamtoka machozi, akaomba maji. Tangu hapo Chiku alijifunza sauti mpya: kikohozi cha Babu, ikifuatiwa na "Maji! Maji!"

Kazi za mtoto nazo ziliongezeka. Hunawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kumshika ndege, kwa kuwa kasuku anaweza kumwambukiza mtu ugonjwa wa kifua. Humpima Chiku kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Kila Jumamosi huoka sinia moja na mama yake, wakakata vipande na kuviweka kwenye friza, kimoja kikitolewa kila siku. Kwa joto la Mombasa, kilichobaki tunduni huondolewa kabla saa mbili hazijapita. Na mwalimu wake wa hesabu alishangaa kumwona anachora grafu bila kuagizwa.

Grafu hiyo ilianza gramu 610. Mwezi wa kwanza ilishuka hadi 588. Mwezi wa tatu, 545. Daktari alisema mwendo huo wa polepole ndio mzuri. Mwezi wa sita Chiku aliruka kutoka kitini hadi juu ya kabati, akatua, akakohoa kama Babu.

Kliniki, Babu aliulizwa amefanya nini, maana sukari yake ilikuwa imeshuka. Bado anameza dawa, na daktari alisisitiza aendelee nazo. Lakini alitaka kujua siri ya chakula.

"Nina kasuku nyumbani, mgonjwa," Babu alijibu. "Hali mpaka nile mimi."

Daktari alifikiri mzee anatania.

Siku ya Idd

Idd iliyopita nyumba ilijaa. Mashangazi walileta mahamri, visheti na kaimati. Chiku alipewa mkate wake wenye pilipili, tundu likawekwa chumba cha ndani mbali na vikono vya watoto wageni vyenye vipande vya keki.

Katikati ya shughuli, binti alikwenda jikoni kuchukua sinia. Alimkuta baba yake amesimama nyuma ya mlango, kanzu nyeupe, hamri mkononi, limeshaumwa mara moja. Walitazamana. Babu hakulificha.

"Moja tu, mwanangu. Leo ni Idd."

Kabla hajajibu, kutoka chumba cha ndani, juu ya kelele za wageni wote, ilisikika ile sauti yenye uchovu kidogo: "Bwana, chai yapoa!"

Babu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akalikata hamri lililobaki katikati, nusu akampa binti yake, nusu akala. Kisha akafungua friza, akachukua pembetatu moja ya rangi ya chungwa, akaishika kiganjani ipoteze baridi, akaenda chumba cha ndani kumwitikia.